Miaka saba ya puto, na chupa niliyoikana

Dzaleka, Ijumaa, Julai 2017

Baridi ya leo inauma. Upepo unashuka kutoka milima ya Dowa, unapita juu ya mabati, na vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la sukari. Baba Ushindi, mume wangu, amekaa nje kwenye kipande kidogo cha jua. Amevaa makoti mawili, moja juu ya jingine, na bado yanamning'inia. Mimi niko ndani mbele ya cherehani na sijashona hata mshono mmoja tangu asubuhi. Nimeshika simu, naandika.

Hapa kwenye blogi huwa naandika mambo madogo: mvua, bei ya vitambaa, korali, mtoto wetu na masomo yake. Wanaonisoma ni kama watu arobaini. Nusu yenu mko humu humu kambini, nusu mlishapelekwa Amerika na Kanada. Wengi mnanijua kwa sura. Mnamjua na mume wangu. Na mnajua, au mnadhani mnajua, nani aliyemharibu koo.

Leo naandika juu ya hilo.

Nianze na yeye alivyokuwa, maana wengine mmemkuta hivi alivyo. Mushagalusa, ndilo jina lake, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Bukavu. Tulipofika kambi hii ya wakimbizi, Dzaleka, mwaka 2008 alianza kufundisha tena, na jioni akawa anakusanya watu kuimba. Hivyo ndivyo korali yetu ilivyozaliwa. Alikuwa na sauti nzito ya chini, ile ambayo ukikaa benchi moja naye unaisikia kwenye mbao kabla haijafika masikioni.

Na alikuwa anapenda kula. Alikuwa anafinya bugali kwa kidole gumba, anatengeneza kishimo, anachota sombe, kisamvu chetu, anafumba macho. Hapa Malawi hatuna sambaza, wale dagaa wetu wa ziwa Kivu, tuna usipa. Wiki za kwanza aliwalalamikia usipa kama mtu anayelalamikia mkwe mgeni. Baadaye akawapenda, anawatafuna na vichwa vyao.

Sasa chupa.

Mwaka 2010 nilikuwa natengeneza sabuni na jirani yangu, Mama Rehema, mwanamke wa kule Fizi. Sabuni ya mche inahitaji soda kostiki. Ni vipande vyeupe unavyoyeyusha kwenye maji. Maji yanachemka yenyewe bila moto, yanatoa moshi, halafu yanapoa na yanabaki meupe, masafi kabisa, kama ya kunywa. Sisi tulikuwa tunayaweka kwenye bidoni nyekundu, dumu la plastiki, na watu wote wa nyumba zote mbili walijua bidoni ile haiguswi.

Siku hiyo ya mwezi wa kumi, joto lilikuwa kali. Mama Rehema alikuwa ameondoka tangu mapema kwenda kutafuta mafuta. Nikaona bidoni imepasuka chini, inavuja, na sakafu inatoa povu. Nikaangaza huku na huku. Nikaona chupa tupu ya maji ya kunywa, ile kubwa. Nikamimina humo kilichobaki, nikafunga kizibo, nikaiweka kando ya mlango. Nikatoka kwenda kuazima bidoni nyingine.

Nilijiambia ni dakika kumi tu.

Baba Ushindi alirudi kutoka shuleni akiwa na kiu. Alikunywa jinsi mtu mwenye kiu anavyokunywa, kichwa nyuma, bila kuonja. Mkupuo mmoja ulipita. Wa pili aliutema. Nilikuwa bado niko njiani niliposikia mlio, na sikutambua kwamba ni sauti yake.

Watu walijaa. Mmoja anasema mpeni maziwa, mwingine anasema mtapisheni. Pale kliniki muuguzi alitukataza kumtapisha, akasema kitakachorudi juu kitamchoma mara ya pili. Midomo yake ilikuwa imevimba, ulimi umekuwa mweupe. Halafu muuguzi akauliza mbele ya watu wote waliotusindikiza, "Nani aliweka soda kwenye chupa ya maji?"

Ninyi mliotoka Bukavu mnaelewa nilichokisikia kwenye swali lile. Kwetu mtu akianguka baada ya kula au kunywa, watu hawasemi ajali. Wanasema karuho, amelishwa sumu. Na wa kwanza kutazamwa ni mke. Niliona nyuso zikigeuka kunitazama. Niliwaona ndugu wa mume wangu wawili wamesimama mlangoni.

Nikasema, "Ni Mama Rehema aliiacha pale."

Ndivyo nilivyosema. Maneno matano. Sikusema alikusudia, sikusema sumu. Nilimwachia chupa tu, na watu wakafanya mengine wenyewe. Kabla ya wiki kwisha, kambi nzima ilikuwa inasema mwanamke wa Fizi amempa mwalimu sumu kwa sababu ya wivu wa biashara ya sabuni. Nilisikia. Ningeweza kusahihisha kila asubuhi, na kila asubuhi nilisema nitasahihisha akipona.

Hakupona.

Nitaeleza ugonjwa wenyewe, maana wengi mnauliza kwa nini bado tunaenda hospitali Lilongwe na mtu alikunywa mara moja tu, tena zamani. Soda ilichoma umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Wiki za kwanza alikuwa amelazwa hospitali mjini, wamemtoboa tumbo na kumpitishia mpira wa kumlishia. Kidonda kikaanza kukauka, tukashangilia. Tulikuwa hatujui kwamba taabu inaanza kidonda kikikauka. Kovu linajikunja. Njia iliyokuwa inapitisha donge la bugali ikajifunga polepole, ikawa kama ya bua, halafu kama ya kalamu. Mwezi wa kumi na mbili mate yake mwenyewe yalikuwa hayapiti. Alikuwa anatembea na kikombe cha kutemea.

Ndipo walipoanza puto.

Wanamlaza, wanampa dawa ya kusinzia, wanashusha mpira mwembamba wenye kamera mpaka penye wembamba. Kwenye mpira kuna puto dogo lililokunjwa. Wanalijaza maji, linavimba ndani ya kovu, wanaliacha kidogo lisukume, wanalitoa. Kovu linachanika kidogo kidogo na njia inafunguka. Ndivyo daktari alivyotueleza, mama mmoja wa Kimalawi mwenye sauti ya taratibu, ambaye tumezeeka naye.

Mara ya kwanza aliamka akaomba maji. Akayanywa. Yakapita. Alilia kama mtoto, na mimi nililia. Nikamwambia Mungu kwamba sasa nitasema ukweli.

Baada ya siku kumi na mbili maji yaligoma tena.

Basi ikawa hivyo. Mwanzoni kila wiki mbili. Halafu kila mwezi. Halafu kila miezi mitatu, tukadhani tunatoka. Kila safari kwanza ruhusa ya kutoka kambini, halafu barabara, halafu benchi la kungojea, na kuna siku unaambiwa puto la saizi yake halipo, urudi wiki ijayo na koo lako hivyo hivyo. Nina daftari ambalo naandika kila mara waliyompanua. Ziko ishirini na nane. Wagonjwa waliokuwa wanakaa nasi benchi moja mwaka ule wa kwanza, wengine walipanuliwa mara tatu nne tu wakaenda zao, hatujawaona tena. Kuna kaka mmoja wa Area 25, mtaa wa pale Lilongwe, alikunywa maji ya betri. Yeye naye alikuwa kama sisi, anarudi, anarudi. Siku moja alikuja mama yake peke yake kuchukua karatasi.

Kulikuwa na kipindi kizuri. Sitaki kukificha. Mwaka 2013 njia ilikaa wazi karibu miezi tisa. Alikula nsima laini, ugali wa hapa, akala usipa waliosagwa, akanenepa mashavu. Sauti ile haikurudi, ilibaki kama mtu anayeongea nyuma ya mlango, lakini alisimama tena mbele ya korali na kuongoza kwa mikono. Jumapili moja alimeza kipande cha nyama kidogo kama ukucha, akaita watu waje waone.

Na kwa sababu mambo yalikuwa mazuri, sikusema. Kwa nini nivuruge?

Halafu ikajifunga tena, na kwa sababu mambo yalikuwa mabaya, sikusema. Kwa nini nimwongezee?

Mnaona nilivyoishi.

Mwaka huu mwezi wa tano, kwenye puto la ishirini na nane, umio ulitoboka. Dakika ile ile hawakujua. Jioni kifua kikamuuma, shingo ikavimba, ukibonyeza ngozi unasikia hewa inalia chini yake. Wiki tatu alikuwa kati ya kuwapo na kutokuwapo. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimwimbia zile nyimbo alizotufundisha. Kila muuguzi alinisifu kwamba ni mke mwema. Nilikuwa naitikia zikomo, asante.

Jumanne wiki hii tuliitwa. Daktari alikuwa na picha za kifua amezibandika kwenye taa. Anaongea Kiingereza, mimi nashika maneno machache tu, kwa hiyo Baba Ushindi alikuwa ananitafsiria. Alitafsiri kama anavyofundisha darasani, sentensi kwa sentensi, kama kwamba wanazungumzia mtu mwingine.

"Anasema kovu langu ni refu, linazunguka pande zote. Kwa bantu benye kovu fupi baluni inatosha. Kwangu haikutosha."

"Anasema tukiweka tena baluni, itatoboa tena. Na ikitoboa tena pengine hawataniwahi."

"Anasema na hata bila kutoboka, kovu la namna hii likikaa miaka mingi linaweza kugeuka kansa. Hapana lazima. Lakini linaweza."

Halafu akaeleza kinachobaki. Kuna mpasuaji atakayekuja mwezi ujao. Watakata kipande cha utumbo mpana, wakipandishe kupitia kifuani mpaka shingoni, kiwe njia mpya ya chakula. Ni operesheni ndefu. Wengine wanakula vizuri baadaye. Wengine wanavuja pale walipounganishwa na wanarudi kwenye mpira. Wengine hawaamki. Njia nyingine ni kurudisha mpira tumboni na kuishi nao hivyo hivyo mpaka mwisho.

Daktari alimwuliza anataka nini. Baba Ushindi alitazama picha zile muda mrefu. Akajibu kwa Kiingereza neno moja ambalo nililielewa bila kutafsiriwa. Akachukua kalamu, akasaini.

Tulishuka mpaka Old Town kungoja gari la kurudi Dowa. Tukakaa kwenye ngazi ya duka moja la jumla ambalo lilikuwa limefungwa. Wapiga debe wanaita, watu wanapita na magunia kichwani. Alikuwa amechoka, amefumba macho. Akaanza kuongea bila kuyafumbua.

"Mama Ushindi. Kama sitaamuka kule, kuna kitu kimoja."

"Usiseme vile."

"Acha nimalize. Ushindi asiingie mu nyumba ya Mama Rehema. Ninajua iko na urafiki na ule mutoto wake kule masomo. Ukomeshe ile. Mi nilimusamehe ule mama kwa kinywa, ju ya kanisa. Kwa moyo hapana. Alinimaliza. Sitaki mutoto wangu akule kwake."

Ushindi wetu ana miaka kumi na miwili. Rehema ni rafiki yake wa kwanza. Nilikuwa najua, na nilikuwa najifanya sioni, kwa sababu ilikuwa inanipa nafuu kidogo kwamba angalau wale wawili hawakurithi kitu kutoka kwangu. Na sasa huyu mtu alikuwa ananiachia uongo wangu kama wosia, niupande ndani ya mtoto, halafu yeye afe.

Nikasema, "Hapana yeye."

"Hapana yeye nini?"

"Ile chupa. Hapana yeye aliiweka. Ni miye."

Akafumbua macho. Hakunitazama, alitazama barabara. Nilingoja apige kelele, lakini yeye kelele hana tena. Alitoa kitambaa, akafuta mate, akakikunja vizuri akakirudisha mfukoni.

"Bidoni ilipasuka?"

"Ndiyo."

"Ukamwanga mu chupa ya maji."

"Ndiyo. Nilienda kuazima ingine. Niliwaza ni dakika kumi."

"Na Mama Rehema alikuwa wapi?"

"Alikuwa ameenda kutafuta mafuta."

"Hakukuwa hata pale."

"Hakukuwa."

Gari moja likajaa na kuondoka, jingine likaingia mahali pake. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayesahihisha daftari na amefika kwenye kosa kubwa:

"Njo kusema yeye iko anajua. Miaka saba yote. Tunapitana mu njia, mi ninageuza uso, na yeye iko anajua."

"Iko anajua."

"Na ile barua niliandika miye."

Barua ile nilikuwa nimesahau kwamba inaweza kuwa nzito kuliko chupa. Alipokuwa amelazwa hawezi kusema, wazee wa kanisa walimwuliza anataka Mama Rehema afanywe nini. Aliomba karatasi. Akaandika kwa mkono wake, kwa mwandiko ule mzuri wa mwalimu, kwamba mwanamke huyo asiimbe tena kwenye korali na asipewe meza ya Bwana mpaka akiri. Waliisoma mbele ya kanisa zima. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Njiani hakunitazama. Tulipofika aliingia ndani, akavua viatu, akalala amegeukia ukuta.

Jumatano ikafika. Uji nilimpelekea, akaunywa kidogo kidogo kama kawaida, akarudisha kikombe mezani na si mkononi mwangu.

Jana asubuhi alitoka chumbani amevaa shati lake la kanisani.

"Vaa. Tunaenda."

Mama Rehema anakaa mwisho wa kambi upande wa kijito. Alihamia huko mwaka uleule wa chupa. Ana bustani ya lengalenga, mchicha wetu. Tulimkuta uani anaosha majani kwenye beseni, amejifunga kitenge kiunoni, mikono imekuwa myekundu kwa baridi ya maji. Alituona tangu mbali na hakuacha kuosha. Amezeeka. Tuna umri mmoja.

Baba Ushindi alivua kofia.

"Mama Rehema, nimekuja kwako. Juzi njo nimejua. Hapana weye uliweka ile chupa. Nilikuandikia barua mbaya, bakakutoa mu kanisa. Nilikukosea sana."

Alikuwa anajikaza kutoa sauti, mishipa ya shingo imesimama. Mama Rehema akainuka, akafuta mikono, akamletea kiti. Alipokaa, yeye akarudi kwenye beseni lake.

"Mwalimu, we ulikuwa unaumwa. Uliandika kile walikuambia. Mi kwako sina neno."

"Lakini juu ya nini haukusema?"

"Nilisema. Baliniita mbele ya bazee, nikasema sikukuwa pale. Bakauliza, basi ni nani? Nikamuangalia huyu." Alinionyesha kwa kidevu, bila kunitazama. "Akainamisha kichwa. Nikawaza, nikisema ni bibi yake, ndugu zake batamufukuza leo leo. Na mwalimu iko kule lopitali na mupira mu tumbo. Nani atamuosha? Nikanyamaza. Nilijua atasema yeye mwenyewe. Mwezi moja, nikasema, miezi mbili."

Nilipiga magoti pale kwenye matope ya beseni. Nikasema nisamehe. Nilisema mara ngapi sijui.

Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Unajua nilizika mutoto, Mama Ushindi?"

Najua. Mwaka 2012, mtoto wake wa kiume wa miezi mitano, malaria. Nilisikia vilio vya matanga upande ule wa kambi. Nilibaki nyumbani nikishona.

"Bantu sita njo balinisindikiza. Nilibahesabu. Bantu bote bale nilibapikia ku matanga yabo, bakafika sita. Baba Rehema alisikia kila siku bibi yake ni mwenye sumu, mwisho akachukua njia ya Afrika ya Kusini, simu yake haiingii. Mandazi niliuza, hakuna mutu alinunua, banaogopa. Njo nikaanza hii majani. Majani banaweza kuosha benyewe."

Hakuwa analia. Aliyasema huku akifunga mafungu.

"Sasa unakuja hapa mu uani, pahali hakuna mutu, unanipigia magoti. Ulinisemea wapi?"

"Mbele ya bantu."

"Basi uende kule kwa bantu. Useme vile ulisema. Halafu urudi hapa, ndiyo nitaangalia kama niko na kitu cha kukupa."

Tulirudi. Baba Ushindi alitembea mbele yangu, kofia mkononi, kwenye baridi ile. Alikuwa anasimama kila baada ya nyumba chache kutema. Sikuthubutu kumshika mkono.

Ndiyo maana leo sishoni.

Nimeshamwambia mchungaji kwamba Jumapili, kabla ya mahubiri, nina neno. Alitabasamu, alidhani ni ushuhuda wa kumshukuru Mungu kwa operesheni. Sikumkatalia, nikaona nimeanza tena tabia yangu, nikageuka nikarudi ofisini kwake nikamwambia ni nini. Hakutabasamu tena. Alisema watu wanaweza kunivua uongozi wa akina mama. Alisema pia wanaweza kusema nilimwekea mume wangu sumu kweli, na kwamba miaka saba nilikuwa najificha.

Wanaweza. Niliogopa maneno hayo mwaka 2010, na mwanamke mwingine akayabeba badala yangu. Sioni nitayakwepaje tena.

Nina hofu. Sitaandika kwamba sina. Naogopa nyuso zile zikigeuka. Naogopa Ushindi atakavyonitazama. Jana jioni nilimwambia kabla hajasikia kwa wengine, akaniuliza kama Rehema anajua, nikasema ndiyo, akachukua kitabu chake akaenda kusomea nje. Zaidi naogopa mwezi ujao. Naogopa watampeleka kwenye ile meza akiwa bado hajaniita jina.

Nilimwuliza leo asubuhi kama atanisamehe. Alifikiri. Yeye si mtu wa kujibu haraka.

"Sijui," akasema. "Nikitoka lopitali tutaongea. Nisipotoka, basi utabaki haujui."

Ni haki yake. Miaka saba amekuwa akinywa uji na kumchukia mtu ambaye hakumkosea. Kovu la koo wanaweza kulikata wakaweka utumbo mahali pake. Chuki ile niliyomlisha, na mkono wake aliouandikia barua, sijui anavitoaje.

Sasa hivi ameingia kuchukua kikombe chake. Amesimama nyuma yangu. Ni mara yake ya kwanza kunisemesha yeye mwenyewe tangu jana.

"Unaandika nini?"

"Mambo ya chupa. Nitayaweka mu blogi leo, kabla ya Jumapili. Hata bale benye kuwa Amerika basome."

Akasoma juu ya bega langu, kwa utaratibu wake wa mwalimu, midomo inacheza. Nilingoja. Alipomaliza aligusa kioo cha simu kwa kidole, pale nilipoandika Mama Rehema.

"Andika jina lake. Lote. Bantu banamuita 'ule wa sumu', bamesahau iko na jina. Kwa barua yangu mi nililiandika lote. Na we uliandike."

Akatoka na kikombe, akarudi kukaa kwenye kile kipande cha jua.

Anaitwa Salome Wabiwa. Siku ile alikuwa ameenda kutafuta mafuta. Chupa niliiweka mimi.